Mbwa Asiyetunzwa Hulipiwa na Jirani



Majuma mawili yaliyopita ilinifikia barua kutoka kwa mama mmoja wa kigango cha pwani ya Ziwa. Aliyeileta ni kijana apandishaye usipa huku milimani kuuza, na karatasi yenyewe, iliyochanwa katika daftari la shule, ilinuka samaki hata nikaifungua nje. Mama huyo ni mjane. Ana watoto watatu, shamba la mihogo, na mbwa mmoja aliyeachwa na marehemu mumewe. Anauliza hivi:

“Mwalimu, watu wananiambia nimfukuze mbwa huyu kwa kuwa sina cha kumlisha. Lakini ndiye anayebweka usiku wezi wa kuku wanapokuja. Tena watoto wanampenda kwa sababu alikuwa wa baba yao. Je, ni dhambi kumpa mbwa ugali wakati watoto wangu wenyewe hawashibi sawasawa?”

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mwalimu tena. Nilisoma chuo cha ualimu, lakini kazi yangu sasa ni kuandika vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa na mazishi. Hata hivyo watu huendelea kuniita Mwalimu, nami huitika. Swali la mama huyu limenigusa, kwa maana nilipata kukosa katika jambo hilo hilo, na kosa langu nitalieleza hapa bila kulificha.

Je, ni dhambi?

Mama, jibu langu ni hapana, si dhambi. Kanisa lenyewe limelifikiri jambo hili. Ukiitazama Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, namba 2418, utaona mambo mawili yamewekwa pamoja. La kwanza, haifai kuwatesa wanyama wala kuwaua bila sababu. La pili, haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya wanadamu. Basi njia yetu ipo katikati. Mtoto ashibe kwanza, na mbwa asife njaa mlangoni pake.

Tena tumkumbuke Mtakatifu Martini wa Porres, bruda wa kule Lima, nchi ya Peru, aliyefariki mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962. Alikuwa maskini, na kazi yake ilikuwa kuuguza wagonjwa. Husimuliwa kwamba mbwa na paka waliotupwa barabarani aliwatafutia mahali nyumbani kwa dada yake. Wanyama walipata msaada, na wagonjwa hawakukosa uangalizi wake kwa ajili ya wanyama.

Lakini, ndugu msomaji, kuna jambo la tatu ambalo wengi hatulifikiri. Tunapohesabu gharama ya mbwa tunahesabu ugali tu. Ugali ndio gharama ndogo kuliko zote. Gharama kubwa ni ile ya kazi tuliyoiahirisha. Hiyo huongezeka kimya kimya, na siku inapodaiwa, mara nyingi anayelipa si mwenye mbwa. Anayelipa ni mtoto wa jirani.

Kosa langu mwenyewe

Nilikuwa na mbwa dume aitwaye Simba, mwekundu, mwenye sikio moja lililokatika. Mwaka mmoja bwana mifugo alileta habari kwamba atafika kijijini kwetu siku ya soko kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Tangazo lake lilisomwa kanisani Jumapili baada ya misa ya kwanza. Aliyelisoma ni nani? Ni mimi. Nilisimama mbele ya watu wote, nikasoma kwa sauti kubwa kwamba kila mwenye mbwa amlete, na mchango kidogo wa kila mbwa aje nao mkononi.

Siku ya soko ikafika, nami sikumpeleka Simba. Nilikuwa naweka akiba ya viatu vya sikukuu ya somo wa parokia, nikajiambia, “Mbwa wangu halali nje ya ua. Nitamchanja watakapokuja tena.”

Haikupita hata miezi mitatu, ukasikika uvumi kwamba bondeni ameonekana mbwa mgeni anayeng’ata ovyo. Kesho yake jioni mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka saba, alikuja kwetu kuomba moto. Simba alikuwa anakula. Mtoto alipita karibu naye mno, naye akamwuma nyuma ya mguu, chini ya goti. Lilikuwa jeraha dogo, matundu mawili tu.

Mama wa mtoto alikuja mbio, kitenge kimelegea kiunoni. Hakunitukana. Aliuliza neno moja tu: “Mwalimu, mbwa wako amechanjwa?”

Mimi niliyesoma tangazo kanisani nikamjibu, “Hapana, mama.”

Wasomaji wapenzi, nimefanya mitihani mingi chuoni, lakini hakuna jibu lililonitoka kwa shida kama lile.

Tuliuosha mguu ule kwa sabuni na maji mengi, tukimimina kwa kata, robo saa nzima. Usiku ule ule tukapanda pikipiki kwenda kituo cha afya, na asubuhi tukaenda mbali zaidi, mahali penye dawa. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza, akapangiwa siku za kurudi kwa sindano nyingine. Kila safari ilikuwa na nauli ya watu wawili, na chakula cha njiani. Nililipa yote, kwa kuwa mbwa alikuwa wangu. Nilimwuza nguruwe niliyemtunza kwa ada ya shule ya binti yangu. Viatu vile sikuvinunua.

Simba tulimfunga, tukamtazama siku kumi, kama tulivyoagizwa. Alikula, alikunywa, alibweka kama kawaida. Siku ya kumi ikapita naye mzima. Basi hakuwa na kichaa. Mtoto naye ni mzima, na siku hizi anatumikia altareni. Lakini katika siku zile kumi mama yake hakulala. Nilikuwa naona taa yao ikiwaka usiku wa manane, nami nikajua ni kwa sababu yangu. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajamtuma tena mtoto nyumbani kwangu.

Hesabu yangu ndiyo hiyo. Niliokoa mchango wa mbwa mmoja, nikapoteza nguruwe na usingizi wa jirani.

Kichaa cha mbwa ni nini

Wako wanaosema kichaa cha mbwa huja na jua kali, au hutupwa na adui. Si kweli. Ni ugonjwa unaoletwa na virusi, navyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jeraha la meno, au mate yakigusa mkwaruzo, jicho au mdomo. Mbwa ndiye mwenezi mkuu, lakini paka, mbuzi, ng’ombe na mbweha huupata pia. Kwa mwanadamu kwa kawaida hukaa kimya miezi miwili au mitatu; pengine juma moja tu, pengine hata mwaka. Ukisha kuonyesha dalili, yaani mgonjwa kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama washukiwao, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Maana ni mtoto anayecheza na mbwa, tena mara nyingi haambii mtu akiumwa, akiogopa kuchapwa. Basi mwambieni mtoto mapema kwamba akiumwa na aseme, hatachapwa.

Lakini kuna habari njema, tena ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885 mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, alianza kumtibu kwa chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akapona. Tangu siku ile inajulikana kwamba anayeumwa akiwahi kutibiwa ipasavyo haugui. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, ndiyo sababu tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mahali pengi mbwa huchanjwa bure siku zile. Ulizeni ofisi ya kijiji mapema, kuanzia mwezi wa Agosti.

Hapa kwetu Tanzania wataalamu walifuatilia ugonjwa huu wilayani Serengeti na Ngorongoro, mbwa kwa mbwa, wakaona jambo la ajabu: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, kidogo tu zaidi ya mbwa mwingine mmoja. Maana yake moto huu si mkubwa. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, unakosa kuni. Na kisiwani Pemba ulizimwa kwa njia hiyo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, wakati uchanjaji umekwisha kulegea. Wakachanja upya, na mwaka 2018 ukakoma tena. Mnaona, ndugu zangu? Waliochanja walishinda, na walipolegea ukawarudia.

Jinsi ya kuchanja bila kuumia mfukoni

Sasa nawapa siri moja ambayo bwana mifugo alinieleza baada ya yale yaliyonipata. Chupa nyingi za chanjo hii zina dawa ya mbwa kumi. Chupa ikisha kufunguliwa, lazima imalizwe siku ile. Basi mtu akienda peke yake na mbwa mmoja, dawa ya mbwa tisa yaweza kumwagika, na safari nzima ya bwana mifugo iko juu ya mtu mmoja. Lakini mkiwa kumi, kila mtu hutoa kidogo.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zifaavyo. Siku ya jumuiya, baada ya sala, mwenyekiti aulize, “Nani ana mbwa? Nani ana paka?” Karani wa jumuiya aandike. Wakipatikana kumi au ishirini, atumwe mtu mmoja, au apigwe simu bwana mifugo, aje siku moja. Asiye na fedha atoe kuku au yai, na mwenye nafasi amsaidie mjane. Sisi tumefanya hivyo miaka hii ya karibuni, na mchango wa kila nyumba haukufika hata bei ya nauli moja ya zile nilizomlipia mtoto wa jirani.

Mbwa huchanjwa tangu akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda utakaoambiwa, mara nyingi kila mwaka. Hata vitoto vichanga usiviache nyumbani. Vipeleke, na bwana mifugo ataamua. Cheti ulichopewa kiweke pamoja na vyeti vya ubatizo. Nasema kweli: siku mama akija mbio kukuuliza, utafurahi kukishika mkononi.

Wengine husema, “Kwetu mbali, hakuna umeme wa kuitunza dawa.” Mambo yanaendelea vizuri. Watafiti wa Tanzania walipima chanjo moja ya mbwa wakaona haikupoteza nguvu hata ilipowekwa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30. Ndipo, mkoani Mara, wakatengeneza vyombo vya udongo vinavyopoa kwa maji, mfano wa mtungi wa bibi zetu, ili chanjo ikae kijijini. Akili ya mtungi tunayo tangu zamani.

Na mtu akiumwa, shikeni mambo haya. Mara moja mwoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, wala usihesabu kwa kukisia. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu. Siku ile ile mpeleke kituo cha afya, hata jeraha likiwa kama mchubuo wa mwiba, na sindano zote zilizopangwa amalize. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana bila hatari, afungwe atazamwe siku kumi, na serikali ya kijiji ipewe habari. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo kumi ndipo aende.

Chakula

Mama wa pwani, sasa nakujibu habari ya ugali. Mbwa wako hahitaji ugali wa watoto. Ukoko wa chungu, maji uliyochemshia samaki, vichwa vya samaki na usipa waliovunjikavunjika kichanjani, vyote pamoja na konzi ya unga au pumba laini, vichemshwe katika chungu kimoja kibovu. Ongeza majani ya maboga ukiwa nayo. Usitie pilipili wala vitunguu, na chumvi nyingi haifai. Mpe asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mbwa mzima anatosheka mara mbili. Watoto wa mbwa wapewe mara tatu au nne, kidogo kidogo.

Huku milimani kwetu, ambako usipa hununuliwa, tunatumia mchuzi wa mifupa na maharage yaliyoiva sana, tukichanganya na ugali wa jana. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana huvunjika kama sindano na kumchoma matumboni. Tukichinja nguruwe au mbuzi, tusimtupie mbwa ini, mapafu au utumbo mbichi. Humo mnaweza kuwa na mayai au vifuko vya minyoo, naye atayarudisha nyumbani mpaka mikononi mwa watoto. Chemsha kwanza mpaka ziive kabisa. Na makapi ya kahawa tuyapeleke shambani, yasiachwe wazi karibu na chakula cha mbwa. Kahawa ni sumu kwake.

Lakini kuliko chakula chote, mpe maji safi kila siku. Maji hayana bei, na ndiyo tunayosahau kuliko yote. Kigae cha mtungi uliovunjika chatosha, mradi kioshwe.

Viroboto, kupe na funza

Hapa nina onyo. Wako wafugaji huku kwenye kahawa ambao mbwa akijaa viroboto humpaka dawa ya kupulizia mikahawa. Jamani, tuache! Dawa ile ni ya mti. Mbwa hujilamba, akaimeza. Kisha mtoto humkumbatia mbwa, akaula mkono wake. Wala mafuta ya taa tusimmwagie, humchoma ngozi.

Njia ya maskini ni hii, nayo ni nzuri. Mwogeshe mbwa kwa maji na sabuni ya kufulia siku ya jua, suuza vizuri. Gunia analolalia lianikwe juani kila juma, na likichakaa lichomwe. Fagia mahali pake, maana viroboto wengi hawako juu ya mbwa, wako mavumbini wakingoja. Kupe uwatoe kwa vidole ukivaa kipande cha mfuko, uwavute polepole bila kuwapasua, uwatie katika kopo lenye mafuta ya taa.

Sakafu ya vumbi ndiyo nyumba ya funza pia. Funza hukaa miguuni mwa mbwa na nguruwe kama wanavyokaa miguuni mwetu. Ukimtoa mtoto funza kila jioni na kumwacha mbwa, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Tazama vidole vyake, na unyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia.

Minyoo nayo ni jambo la nyumba nzima. Mavi ya mbwa yafukiwe, yasikae uwanjani ambapo watoto hucheza peku. Dawa ya minyoo mwulize bwana mifugo siku ile ile ya chanjo. Usikisie kwa vidonge vya watu.

Paka, na habari ya vitoto

Paka hulinda ghala la mahindi na nyavu zisiguguniwe na panya, na mshahara wake ni mdogo. Lakini tusidhani panya humtosha kila siku. Wala hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Mwili wake wataka nyama au samaki. Usipa wachache kila siku wanatosha. Nyumba yenye paka isitege sumu ya panya, kwa maana panya aliyekula sumu akiliwa na paka, wote wawili hufa, na mahindi hubaki bila mlinzi. Na paka naye achanjwe, kwani kichaa humpata.

Jambo la mwisho ni vitoto. Mbwa jike hubeba mimba kama miezi miwili, na aweza kuzaa wengi kwa mara moja. Mwenye mbwa mmoja akawa na saba, huyo ndiye asiyeweza kuwalisha, ndipo wanapotupwa kando ya barabara kuu au sokoni. Hao waliotupwa ndio wasiochanjwa, na ndio wanaozurura na kuumana. Basi kabla hajazaa, waulize jirani nani anataka. Akiwa na joto, mfunge nyumbani. Na bwana mifugo akija, mwulize habari ya kuhasi. Madume wengi waliohasiwa hutulia nyumbani. Kufuga mmoja unayemtunza ni heri kuliko kufuga watano wanaokula kwa majirani.

Nihitimishe

Mama mpendwa wa pwani, usimfukuze mbwa wa marehemu. Mbwa aliyefukuzwa haendi mbinguni. Huenda kwa jirani, na njaa yake, na meno yake. Mpe maji, mpe vichwa vya samaki, anika gunia lake. Nimekwisha kumwandikia katekista wa kigango chenu, naye amenijibu kwamba jumuiya yenu ina mbwa kumi na wanne na kwamba mchango wako umekwisha kutolewa na mtu asiyetaka kutajwa. Kazi yako ni kumleta tu, amefungwa kamba, siku utakayotajiwa. Watoto waje pia waone. Wakiuliza kwa nini mbwa wa baba yao anachomwa sindano, waambie ni kwa sababu anapendwa, na kwa sababu jirani naye ana watoto.

Na ninyi wasomaji wote, kabla ya Jumapili ijayo fanyeni jambo moja: mhesabu mbwa na paka wa jumuiya yenu, mwandike katika karatasi. Ni kazi isiyogharimu hata senti. Simba wangu sasa ni mzee, meno yamempungua, analala mlangoni mwa ofisi ninapoandika haya. Cheti chake kipo ndani ya kitabu cha ubatizo, na mama wa yule mtoto amekwisha kukiona.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Parokia